Mguu wa Thiam

Kop. Kop.

Bibi Lamom aliamka kabla ya jogoo wa kwanza kwa mlio ule wa mti unaogonga fremu ya dirisha la jikoni. Kiupepo chembamba kilikuwa kinatoka mashamba ya mpunga, nacho kilitosha kulitikisa lile gogo fupi lililotegemeza dirisha lisijifunge. Miaka ishirini na sita lilikuwa likigonga hivyo, na kila lilipogonga mumewe Thiam alisema kutoka ndani ya chandarua, "Sikia, mguu wangu wa kwanza unataka kutembea."

Leo hakuna aliyesema kitu. Thiam alikuwa hekaluni siku ya tano sasa, ndani ya jeneza jeupe, na leo alasiri ndipo angechomwa.

Gogo lile lilikuwa mguu kweli. Mashine ya kupura mpunga ilipomkata Thiam chini ya goti, hakungoja mtu amhurumie. Alichukua kipande cha mkwaju, akakichonga mwenyewe, akakifunga kwa mikanda ya ngozi, akarudi shambani. Ulikuwa mzito, ukimchubua. Baadaye watu wa hospitali ya mkoa wakampa mguu wa plastiki, mwepesi, wenye kiatu chake kabisa, na ule wa mkwaju ukahamia dirishani.

Bibi Lamom aliwasha taa, akautoa ule wa plastiki chini ya kitanda. Akaupangusa kwa kitambaa chenye maji kuanzia gotini hadi kiatuni, kama mtu anayemwogesha mtoto. Ndani, mahali pa kuingizia kigutu, aliugusa mfuko wa nailoni uliokunjwa na kusukumwa chini kabisa. Hakuutoa. Humo Thiam aliweka tiketi zake za bahati nasibu. Alikuwa akisema, "Mwizi anaiba ng'ombe, anaiba pampu. Nani ataiba mguu?"

"Nenda nazo," Bibi Lamom akamwambia. "Huenda na huko wanacheza."

Kitu kikipita motoni pamoja na marehemu, humfuata. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Mwaka jana dada yake alipofariki, Bibi Lamom aliingiza jenezani godoro na blanketi zito, kwa kuwa dada hakuweza kustahimili baridi. Sasa Thiam angekwenda akirukaruka kwa mguu mmoja kama chura, mbele ya wazee wake wote? La. Akauviringisha ule mguu ndani ya kikoi cha Thiam cha miraba, akaubeba kifuani, akatoka.

Jambo moja tu lilikuwa njiani, nalo alilijua vizuri. Tanuri la kuchomea maiti la hekalu la kijiji chao, Nong Takhian, lilikuwa chini ya macho ya serikali. Mtu fulani aliwashtaki kwa Idara ya Kudhibiti Uchafuzi kwamba dohani ya hekalu inatoa moshi mweusi. Afisa akaja na kadi yake yenye miraba ya rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi, akautazama moshi, akaandika: umezidi. Akarudi kufundisha. Leo ilikuwa mara ya mwisho ya kupimwa. Wakishinda, tanuri linaendelea. Wakishindwa, mlango wa tanuri utatiwa lakiri ya serikali, na maiti wa Nong Takhian watapelekwa mjini, kilomita arobaini, ambako vikongwe wengi hawangeweza kufika kuwasindikiza watu wao.

"Moshi wa mguu mmoja," alijisemea njiani. "Kitu gani hicho."

Hekaluni alimkuta Prayun, mchomaji maiti, akifagia majivu. Prayun alikuwa rafiki wa Thiam tangu utoto, mtu mwembamba mwenye kofia isiyotoka kichwani. Zamani alikuwa akiwasha moto kwa vipande vya tairi. Siku hizi, baada ya mafunzo ya Idara, alikuwa na cheti ukutani ndani ya fremu, na kila aliyepita alionyeshwa.

"Nifungulie kifuniko cha jeneza, shemeji," Bibi Lamom akamwambia. "Nimemletea kikoi chake."

"Kikoi tu?"

"Kikoi tu."

Prayun akafungua, akakipokea, akakipima mikononi. "Mbona kizito?"

"Kina machozi."

Prayun hakuwa mtu wa kubishana na mjane. Akakilaza taratibu kando ya rafiki yake, akafunga. Kisha akakuna kofia. "Shemeji, mimi ni mtaalamu sasa, lazima niulize. Humo ndani kuna nini?"

"Kuna Thiam."

"Mbali na Thiam?"

"Mbali na Thiam kuna mimi hapa nje, nikingoja uache maswali."

Saa nane mchana afisa akafika. Jina lake Ratchani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso wa duara. Bibi Lamom alikuwa amejiandaa kumchukia, lakini macho yake yalikuwa na tabia mbaya ya kuona mambo. Yaliona kwamba binti aliegesha gari mbali, nje ya lango, vumbi lisiwafikie wapishi. Yaliona kwamba alivaa nyeusi. Yaliona kwamba kabla ya kumuuliza mtu neno alivua viatu, akawasha kijiti cha udi, akapiga magoti mbele ya picha ya Thiam, akakaa hapo muda mrefu kuliko wanavyokaa maafisa. Tena ilikuwa Jumamosi. Ofisi yake iliomba kazi ifanyike Ijumaa, mtawa mkuu akakataa, maana kuchoma maiti Ijumaa huwaletea mkosi walio hai. Basi binti wa watu akaja siku yake ya mapumziko.

"Umekula, mwanangu?" Bibi Lamom akajikuta anauliza.

"Bado, bibi."

"Kaa. Uji wa wali upo, na samaki mkavu. Tambi sina, usije ukaziota."

Ratchani akatabasamu. Kila mtu anajua tambi hazipikwi msibani, zisije zikauvuta msiba mwingine kwa urefu wake. Akala bakuli zima, akaomba la pili, na Bibi Lamom akampenda kidogo bila ruhusa yake mwenyewe.

Jikoni, wanawake waliokuwa wakikata mboga walishusha sauti, ila si sana.

"Huyo ndiye wa kadi?"

"Ndiye. Mtoto mzuri. Kosa si lake, kosa la aliyemwita."

"Mnafiki huyo! Miaka yote tunachomana kwa amani, yeye pua yake ndiyo ya dhahabu?"

"Atajikwaa tu," akasema Bibi Lamom, akiongeza maji kwenye sufuria. "Mtu wa namna hiyo hafiki mbali, lazima ajikwae."

Wote wakaitikia.

Ilipofika saa kumi, watawa walikuwa wamemaliza kusoma, na watu wamepanda ngazi mmoja mmoja kuweka maua yaliyosukwa kwa maganda ya mti juu ya jeneza. Maua ya plastiki na mashada ya povu gumu yalibaki chini, yamepangwa ukutani. Hilo Prayun alikwisha kulisimamia kwa ukali wa mwalimu. Chumba cha juu cha tanuri, kile kinachouchoma moshi wenyewe kabla haujatoka, alikuwa amekiwasha mapema kama alivyofundishwa. Ratchani alikuwa upande wa magharibi wa uwanja, jua mgongoni, saa mkononi, kadi kwenye ubao wake.

Likabaki jambo la mwisho, la kumwosha marehemu uso kwa maji ya dafu. Prayun akalipasua dafu, akafungua kifuniko, akampa Bibi Lamom njia.

Bibi Lamom akamimina. Maji yakapita kwenye paji la uso wa Thiam, kwenye mashavu yaliyokuwa yamekonda mwaka ule wa mwisho, mwaka wa kukohoa, hata mwezi wa mwisho alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. "Nenda salama," akamwambia. "Nimekufungashia kila kitu."

Prayun akainama kumpangusa. Kikoi kilikuwa kimeteleza. Kiatu cheusi kilichopigwa rangi vizuri kilikuwa kinachungulia nje.

"Shemeji," akanong'ona. "Machozi yako yamevaa kiatu."

Bibi Lamom hakusogea. "Kifunike."

"Hii ni plastiki! Ndani kuna povu! Hii ikishika moto, dohani itapiga chafya nyeusi mpaka mjini waione. Watalifunga tanuri."

"Na yeye aende akirukaruka? Wewe ungependa? Ulicheza naye mpira, Prayun. Ulimbeba siku ile ya mashine."

Chini, watu walianza kutazamana. Mtawa mkuu, mzee wa sauti ndogo, akampungia mkono afisa, naye Ratchani akapanda ngazi polepole, akaona, akaelewa.

"Utoe basi," Bibi Lamom akamwambia kwa ukali. "Si ndiyo kazi yenu?"

"Hapana, bibi." Ratchani alikuwa amekunja mikono mbele. "Mimi sitii mkono kwenye jeneza la mtu. Hilo ni lako. Kazi yangu iko juu ya dohani. Nitakachokiona nitakiandika, kiwe kizuri, kiwe kibaya."

"Hata nikikuomba?"

"Hata akiniomba mama yangu mzazi. Bibi, kadi hii ndiyo inayonipa nguvu ya kuingia kwenye kiwanda cha tajiri na kumwambia zima. Nikidanganya hapa kwa sababu uji wako ni mtamu, kesho naye atanipikia uji. Hapo kadi inakuwa karatasi ya kufungia karanga."

Aliyasema bila kupandisha sauti. Bibi Lamom alimtazama, na moyoni akakiri kwamba angekuwa na binti angetaka aseme hivyohivyo. Lakini alikuwa ameahidi kichwani pa mumewe.

"Basi andika," akasema. "Prayun, funga."

Prayun akaunyanyua ule mguu ili aulaze vizuri chini ya kikoi. Ule mguu ukamponyoka kidogo, ukageuka mdomo chini. Mfuko wa nailoni ukateleza, ukaanguka miguuni pa Bibi Lamom, tiketi za bahati nasibu zikatawanyika. Katikati yake palikuwa na karatasi moja nyeupe iliyokunjwa mara nne, yenye nembo ya serikali.

Prayun akaiokota, akaitazama, akampa mwenyewe. Bibi Lamom hakuwa msomaji wa haraka. Alisoma kwa kidole, kama alivyofundishwa darasa la nne.

*Stakabadhi ya kupokea malalamiko. Mlalamikaji: Thiam wa Nong Takhian. Jambo: moshi mweusi wa dohani ya hekalu, mlalamikaji anashindwa kupumua. Ombi la mlalamikaji: hekalu lisifungwe. Wafundishwe. Jina lake lisitajwe, mke wake ana msiba.*

Chini palikuwa na tarehe. Bibi Lamom akaisoma mara mbili. Ilikuwa siku ya tatu baada ya dada yake kuchomwa. Akakumbuka jioni ile, moshi mzito wa godoro na blanketi ukishuka badala ya kupanda, ukipita juu ya mpunga ulioanikwa, ukiingia dirishani mwao. Akakumbuka Thiam akikohoa kitandani usiku kucha na kusema, "Si kitu, ni vumbi la makapi." Thiam alijua ni godoro la nani. Alijua ni mkono wa nani uliolisukuma. Akajikongoja kwa mguu wake wa plastiki mpaka ofisi ya mkoa, akarudi, akafunga mdomo mpaka pumzi zikaisha.

Sahihi ya aliyepokea ilikuwa *Ratchani*.

Bibi Lamom akainua macho. "Ulimjua."

Binti akatazama chini. "Jina la mlalamikaji hatulitaji, bibi. Hata kwa mkewe."

"Alikunywa chai huko?"

Ratchani akasema, kama anayezungumzia mtu mwingine kabisa, "Kuna mzee mmoja alikuja na basi la alfajiri. Alikunywa vikombe viwili. Alichekesha ofisi nzima."

Hilo likamtosha Bibi Lamom. Akakunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Akanyoosha mikono.

"Nipe mguu huo, Prayun."

"Shemeji, una hakika?"

"Mume wangu ameomba mara moja tu katika maisha yake kitu kwa serikali. Mimi ndiye nimnyime?" Akaupokea, akaukumbatia. Lakini mashaka ya alfajiri yalikuwa palepale. Ataendaje? Akasimama akiutazama ule utupu chini ya goti la Thiam, na ndani ya kichwa chake akasikia, kop, kop.

"Prayun! Pikipiki yako ina mafuta?"

"Yapo nusu tangi."

"Kimbia nyumbani kwangu. Dirisha la jikoni. Lete kile kinacholizuia."

Prayun akafungua mdomo, kisha uso wote ukamng'aa chini ya kofia. "Mkwaju!"

"Mkwaju unawaka safi?" Bibi Lamom akamuuliza afisa.

"Mti mkavu usio na rangi? Hauna neno, bibi." Ratchani akageuka kulitazama jua. "Ila likigusa ile minazi sitaweza kuusoma moshi. Nina muda wa kama saa moja. Nitangoja."

Akangoja kweli, amesimama uwanjani peke yake, wala hakutazama saa yake hata mara moja mbele ya watu. Bibi Lamom aliliona hilo pia.

Prayun alirudi vumbi tupu, mguu wa mkwaju umefungwa mgongoni kwa mkanda wake mwenyewe, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Watu wakacheka kabla hawajakumbuka wako wapi.

"Dirisha umeliacha limejifunga?" akauliza Bibi Lamom.

"Nimelitegemeza kwa mchi wako. Nikaona ukirudi jioni utataka hewa."

Bibi Lamom akamgusa bega. Halafu akauweka mguu wa kwanza mahali pake, chini ya goti, akaufunika kwa kikoi cha miraba. Ulikuwa umelainishwa na miaka ya dirishani, usingemchubua tena. "Sasa tembea," akasema.

Moto ukawashwa.

Ratchani alisimama jua mgongoni. Kila robo dakika aliinua macho kwenye mdomo wa dohani, akalinganisha na kadi, akaandika, akashusha macho. Kijiji kizima kilifanya vilevile. Watu mia na zaidi waliinua vichwa pamoja na kushusha pamoja. Mwanzo ulitoka ukungu wa kijivu hafifu, na mtu akaguna. Prayun, jasho likimtiririka, akageuza valvu ya hewa nusu mzunguko. Ukungu ukapauka. Ukawa kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Kisha hapakuwa na kitu ila hewa inayotetemeka kwa joto, na nyuma yake minazi ya upande wa pili ikionekana wazi, kila jani. Kunguru akapita juu kabisa ya dohani, hata hakukwepa.

Nusu saa ikaisha. Ratchani akajumlisha, akarudia kujumlisha, akapeleka karatasi kwa mtawa mkuu.

"Tumefaulu, Baba," akasema. "Kwa mbali sana. Tanuri ni lenu."

Prayun aliketi chini kwenye ngazi, akavua kofia kwa mara ya kwanza mwaka ule, akalia.

Jikoni wanawake wakaanza tena, safari hii kwa furaha. "Mnafiki wetu ameaibika leo! Natamani nimwone sura!"

"Unamtaka?" Bibi Lamom akaitoa karatasi kifuani, akaiweka juu ya ubao wa kukatia mboga. "Soma. Sauti ya juu."

Ikasomwa. Kisu kimoja kikaacha kukata, kisha kingine.

"Na sisi tulisema atajikwaa," mmoja akanong'ona, amejishika mdomo.

"Alijikwaa zaidi ya miaka ishirini na sita mbele ya macho yenu," Bibi Lamom akajibu. "Na bado alifika mbali kuliko sisi." Akatangulia kucheka yeye, ndipo wenzake wakapata ruhusa.

Jua lilikuwa limekwisha ingia minazini alipomsindikiza afisa mpaka kwenye gari, nje ya lango, amebeba mguu wa plastiki kama mtoto aliyelala.

"Hospitali ya mkoa bado wanatoa miguu?"

"Wanatoa. Na iliyotumika wanaipokea, wanaitengeneza upya."

"Wapelekee huu. Kuna mtu mahali anarukaruka. Mwambie avae, thawabu yake aitume kwa Thiam." Akaulaza kwenye kiti cha nyuma, kisha akaufunga mkanda wa gari, usije ukaanguka kwenye kona. "Kiatu nimekipiga rangi leo asubuhi."

"Nitamwambia, bibi."

Ratchani akakunja viganja vyake kifuani, akainamisha kichwa, akaingia garini. Bibi Lamom akashika dirisha kabla halijapanda.

"Siku mia za msiba zikiisha nitapika tambi. Ndefu kabisa, na mchuzi wa nazi na samaki. Kadi yako iache ofisini." "Njoo tena, mwanangu. Usingoje mpaka tutoe moshi."